PSA imepanda? Ulizia MRI ya tezi dume kabla hujachomwa sindano (mwongozo kamili)

Baba yangu alichomwa sindano 12 kupitia njia ya haja kubwa kabla hajapigwa hata picha moja ya MRI. PSA yake (kipimo cha damu cha protini inayotoka kwenye tezi dume) ilikuwa 9.2, tukaambiwa twende baiopsi moja kwa moja, yaani kuchukua kinyama cha tezi kwa sindano kikapimwe, majibu yakaja safi, nyumbani mama akachinja kuku tukamshukuru Mungu. Miezi kama kumi baadaye PSA ikafika 13. Ndo daktari mwingine akasema hebu kwanza tupige MRI, na picha ikaonyesha doa sehemu ya mbele kabisa ya tezi, upande ambao sindano zinazoingilia nyuma mara nyingi hazifiki. Akachomwa tena, safari hii sindano zikaelekezwa kwenye lile doa, ikawa saratani, tena ya aina inayotakiwa kutibiwa. Karibu mwaka mzima tulikaa tukiamini mzee yuko salama.

Mimi siyo daktari, ni mtoto wa mgonjwa niliyekaa sana kwenye mabenchi ya hospitali na kuuliza maswali mpaka manesi wakanizoea. Naandika kwa ajili ya yule mzee, au mwanae, ambaye sasa hivi ameshika karatasi ya PSA na hajui aanzie wapi. Saratani ya tezi dume ndo inayoongoza kwa wanaume Tanzania na Kenya pia, kwa hiyo hii habari inagusa nyumba nyingi sana, sema watu wanaona aibu kuiongelea.

Kwanza ujue kwa nini mpangilio umebadilika

Zamani ilikuwa hivi: PSA ikipanda unaenda baiopsi, daktari anaongozwa na ultrasaundi inayoingizwa nyuma, anachoma sindano 10 mpaka 12 kwa kugawa tezi maeneo. Ile ultrasaundi inamwonyesha tezi iko wapi lakini saratani yenyewe mara nyingi haionekani, kwa hiyo ni sawa na mtu anayechimba kisima kwa kubahatisha, maji yanaweza kuwa hatua mbili pembeni yake.

Mwaka 2017 Uingereza wakatoa majibu ya utafiti unaoitwa PROMIS. Walichukua wanaume 576, kila mmoja akapigwa MRI, akafanyiwa baiopsi ya kawaida, na pia akafanyiwa baiopsi ya kuchomwa kila milimita 5 tezi nzima, ambayo ndo ilikuwa ya kuhakiki ukweli. Ile baiopsi ya kawaida ilinasa saratani hatari 48 tu katika kila 100. MRI ilinasa 93. Soma tena hizo namba taratibu maana mimi nilipozisoma mara ya kwanza nilimfikiria baba nikashindwa kulala.

Mwaka uliofuata, 2018, ukaja utafiti wa PRECISION wenye wanaume 500, nusu wakapelekwa MRI kwanza na nusu wakachomwa kwa njia ya zamani. Waliopita MRI, saratani hatari ilionekana kwa asilimia 38, wa njia ya zamani asilimia 26. Na zile saratani ndogo ndogo za kulala, ambazo mtu angezeeka nazo bila kujua, kundi la MRI zilipatikana asilimia 9 wakati la zamani asilimia 22. Halafu asilimia 28 ya waliopigwa MRI hawakuchomwa sindano kabisa kwa sababu picha haikuwa na kitu cha kutilia shaka. Mwaka 2019 mwongozo wa matibabu wa Uingereza ukabadilishwa, MRI ikawekwa kabla ya baiopsi kwa mtu anayeshukiwa saratani ambayo bado iko ndani ya tezi.

Hatua ya 1: Hakikisha hiyo PSA ni ya kweli

Usikimbilie MRI kwa PSA moja. PSA inapanda kwa mambo mengi, UTI, tezi kuvimba, mkojo kuziba, kuwekewa mpira wa mkojo, hata kuendesha baiskeli sana au kufanya tendo la ndoa siku moja mbili kabla ya kutoa damu. Wazee wengi huku kwetu wanapimwa PSA siku ileile walipokuja mkojo umegoma na mpira umewekwa, namba inakuja 25 nyumba nzima inalia. Kama kulikuwa na maambukizi tibu kwanza, subiri kama wiki 6, ndo urudie. Tendo la ndoa na mazoezi mazito acha saa 48 kabla.

Na kama mzee anameza finasteride au dutasteride kwa ajili ya tezi kubwa, mwambie daktari, maana baada ya miezi kadhaa hizo dawa zinashusha PSA karibu nusu. Namba 3 inaweza kuwa ni 6 iliyojificha.

Kipimo cha kidole, daktari anapopitisha kidole njia ya haja kubwa kugusa tezi, nacho kisikataliwe. Najua wazee wetu wanavyokichukulia, baba alikikataa mara mbili, lakini ni nusu dakika tu na kidole kikigusa kitu kigumu kama jiwe hiyo ni habari kubwa hata PSA ikiwa ya kawaida.

Hatua ya 2: Jiulize kama MRI itabadilisha chochote

Hapa nakaa kidogo maana ndo panapoliwa hela za watu. MRI ya tezi inamsaidia zaidi mtu ambaye PSA imepanda kiasi, tuseme 4, 8, 15, na hana dalili kwamba ugonjwa umesambaa. Inamsaidia pia aliyepata baiopsi safi lakini PSA inazidi kupanda kama ilivyokuwa kwa baba, na yule aliyekutwa na saratani ndogo anayefuatiliwa bila kutibiwa kwanza.

Lakini mzee mwenye PSA ya 200 au 600, mgongo unauma usiku, miguu inaanza kukosa nguvu, kidole kimekuta tezi ngumu yote, huyo msimpotezee wiki tatu mkichangishana hela ya MRI ya tezi. Ugonjwa wake unathibitishwa kwa sindano chache tu, na picha anayoihitaji ni ya mifupa na uti wa mgongo. Miguu ikianza kufa ganzi au mkojo na haja kubwa vinatoka bila kujijua, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, mpelekeni hospitali kubwa usiku huohuo, uti wa mgongo ukibanwa muda mrefu mtu anaweza asitembee tena.

Hatua ya 3: Karatasi ya kuombea kipimo iandikwe sawasawa

Hili wengi hawalijui kabisa. Kuna "MRI ya nyonga" ya jumla na kuna MRI ya tezi dume yenyewe, na haya ni mambo mawili tofauti hata kama mashine ni ileile moja. Ya jumla inapiga picha pana ya eneo lote la chini ya kitovu, tezi inaonekana kama kokwa dogo katikati, daktari wa picha hawezi kusema lolote la maana. Ya tezi inalenga tezi tu kwa vipande vyembamba na ina sehemu zake maalum.

Sehemu ya kwanza inaitwa T2, hii inaonyesha umbo. Ukanda wa nje wa tezi unatakiwa kuwa mweupe, saratani inaonekana kama doa jeusi. Sehemu ya pili ni difyusheni, inapima jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama ya mwili. Fikiria daladala la saa moja asubuhi watu wamesimama mpaka mlangoni, hakuna anayeweza kusogea, ndivyo seli za saratani zinavyobanana na maji yaliyo katikati yao yanakwama, basi picha inawaka pale. Sehemu ya tatu ni ya kontrasti, unachomwa dawa yenye gadoliniamu kwenye mshipa na picha zinapigwa haraka haraka kuona wapi damu inakimbilia.

Zikiwa zote tatu inaitwa MRI ya maltiparametriki. Zikiwa mbili za kwanza tu, bila dawa, inaitwa ya baiparametriki. Mwaka 2025 yalitoka majibu ya utafiti wa PRIME uliofanyika nchi 12, wanaume 490, ukaonyesha kwamba ile bila dawa ilinasa saratani hatari sawa na ile yenye dawa, zote karibu asilimia 29 ya wanaume waliopimwa. Kwetu hii ni habari njema sana, maana bila dawa muda unapungua mpaka kama dakika 15 hadi 20, gharama inashuka, na mwenye figo mbovu anapona wasiwasi. Ila sharti lake ni kwamba picha ziwe za ubora mzuri na msomaji awe mzoefu, na wapo ambao daktari bado atawataka wachomwe dawa, mfano mwenye nyonga ya bandia ambaye difyusheni yake itaharibika kwa sababu ya chuma.

Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza pale mapokezi au mwombe fundi wa picha aje mzungumze: mnafanya MRI ya tezi dume yenye difyusheni? Mashine ni Tesla ngapi? (hiyo ni nguvu ya sumaku, 1.5 inatosha ikiwa imepangwa vizuri, 3 ni bora zaidi, ya chini ya hapo mimi nisingelipa.) Ripoti yenu inatoa alama za PI-RADS, zile za 1 mpaka 5 za kupima shaka ya saratani? Wakikushangaa kwenye hilo swali la mwisho, nenda kwingine hata kama ni mbali zaidi, bora nauli kuliko ripoti isiyosema kitu. Bei nayo uliza ya jumla, na dawa na bila dawa, na kama bima yako inalipa yote au nusu, maana kuna watu wanaambiwa wameshalala mezani.

Hatua ya 4: Kama umeshachomwa baiopsi, subiri

Sindano zinaacha damu ndani ya tezi na hiyo damu inachafua picha, doa la damu linaweza kufanana na ugonjwa au kuuficha. Angalau wiki 6, na wengi wanapendelea 8 au zaidi. Hii nayo ni sababu nyingine ya MRI kutangulia.

Hatua ya 5: Maandalizi na siku yenyewe

MRI haina mionzi kama ya eksirei au CT skani, inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio, kwa hiyo hofu ya mionzi iondoe. Hatari yake kubwa ni chuma. Sema kila kitu bila kuficha: pesimeka ya moyo, klipu kichwani, risasi au kipande cha bomu kilichobaki mwilini, vyuma vya mifupa. Kama uliwahi kuwa fundi wa kuchomelea au kusaga vyuma sema, maana kachembe kadogo kwenye jicho kanaweza kusogezwa na sumaku na kuliumiza, watakupiga eksirei ya macho kwanza. Mpira wa mkojo nao uwaambie ni wa aina gani. Pete, cheni, saa, meno ya bandia ya kuvua, simu, na hirizi pia mzee wangu, vua uache kwa mtoto nje, hakuna wa kukuuliza.

Kama utachomwa dawa, pimwa figo kabla, yule mwenye kiwango cha uchujaji chini ya 30 anatakiwa kujadiliwa na daktari kwanza. Mwenye sukari na presha ya muda mrefu asiruke hiki kipimo.

Tumbo ndo watu wanalidharau. Gesi na kinyesi viko ukuta mmoja tu na tezi, vinapinda picha ya difyusheni vibaya sana. Siku moja kabla punguza maharage, kabichi na soda, asubuhi hakikisha umepata choo, vituo vingine vitakupa enema ndogo saa chache kabla, vingine vitakuchoma dawa ya kutuliza utumbo usichezecheze. Kojoa kabla ya kupanda mezani.

Ndani utalala chali, kuna kelele kubwa ya kugonga gonga kama mafundi bati, utapewa vya kuziba masikio. Dakika 30 mpaka 45 kwa ile yenye dawa. Usitikisike. Baba anaogopa sehemu zilizobana, akashauriwa afumbe macho kabla hajaingizwa na asiyafumbue mpaka mwisho, akawa anasoma uradi kimya kimya, akamaliza. Kuna kitufe mkononi ukizidiwa unabonyeza wanakutoa. Mwenye hofu kubwa aombe dawa ya kutuliza mapema na aje na mtu wa kumrudisha nyumbani.

Hatua ya 6: Soma ripoti

Usiishie kwenye sentensi ya mwisho. Tafuta kwanza ukubwa wa tezi, unaandikwa kwa mililita au sentimita za ujazo. Tezi ya kijana ni kama 20 hadi 25, za wazee zinafika 60, 80, hata zaidi ya 100, na tezi kubwa inatoa PSA nyingi bila saratani yoyote. Chukua PSA yako gawanya kwa ukubwa wa tezi. Mfano PSA 6 na tezi ya 80 unapata 0.075, hiyo inatuliza. PSA ileile 6 lakini tezi ni ya 30 unapata 0.2, hapo lazima mtu ashtuke. Mpaka unaotumika sana ni 0.15. Hesabu hii fanya mwenyewe hata kwenye simu, ripoti nyingi hawaiandiki.

Halafu PI-RADS, alama 1 mpaka 5. Moja na mbili maana yake saratani hatari haielekei kuwepo. Tatu ni katikati, haijulikani. Nne inaelekea ipo, tano inaelekea sana. Kwa makadirio, PI-RADS 3 ukichoma unakuta saratani hatari kama kwa mtu mmoja kati ya watano, 4 karibu nusu, na 5 kwa walio wengi, japo inatofautiana kutegemea msomaji na wagonjwa wenyewe.

Angalia pia doa liko wapi na lina ukubwa gani, kama limetoboa ganda la tezi, kama limeingia kwenye vifuko vya manii, kama kuna matezi ya limfu yaliyovimba, na mifupa ya nyonga wamesemaje. Ripoti nzuri inasema hata ubora wa picha. Ikiandikwa ubora mbovu basi hiyo "hakuna kitu" msiiamini sana.

Sasa sikia vizuri. PI-RADS 5 haimaanishi umethibitishwa saratani. Tezi iliyovimba kwa maambukizi ya muda mrefu inaweza kuiga saratani kwenye picha, TB ya tezi dume inaiga kabisa, na huku kwetu TB ipo. Kwenye PROMIS ileile, kati ya wanaume 100 wasio na saratani hatari MRI iliwatoa hofu 41 tu, waliobaki picha iliwatilia shaka. Na upande wa pili, picha safi inaweza kukosea, karibu mmoja kati ya kumi walioambiwa safi alikuwa nayo. Mtu asikukatie tezi wala kukuanzishia dawa za homoni kwa picha peke yake wakati kuna nafasi ya kuchukua kinyama.

Hatua ya 7: Baada ya ripoti

PI-RADS 1 au 2 na ile hesabu yako iko chini ya 0.15, na kwenye ukoo hakuna historia, wengi wanaacha sindano na kufuatilia PSA kila miezi 6 au mwaka. Alama ni ndogo lakini hesabu iko juu, au baba na kaka waliugua, kaeni na daktari mjadili, anaweza kushauri mchome hata hivyo. PI-RADS 3 hapo ndo hiyo hesabu inaamua zaidi. 4 na 5, baiopsi.

Na baiopsi yenyewe iulizie. Sindano zitaelekezwa kwenye doa? Kuna mashine zinazounganisha picha ya MRI na ultrasaundi hapohapo kwenye skrini, na kuna daktari anayeangalia MRI kisha anailenga kwa macho na uzoefu wake, hii ya pili haihitaji mashine ya gharama na kwa mtu mzoefu inafanya kazi nzuri. Kawaida doa linachomwa sindano 3 mpaka 5, na mara nyingi wanaongeza na zile za kugawa tezi. Uliza pia wanapitia wapi. Kupitia ngozi kati ya korodani na njia ya haja kubwa kuna hatari ndogo zaidi ya maambukizi kuingia kwenye damu kuliko kupitia njia ya haja kubwa, na inafika vizuri sehemu ya mbele ya tezi, pale pale alipokuwa nayo baba. Popote watakapopitia, homa au kutetemeka ndani ya siku chache baada ya sindano usimeze panadol ukalala, rudi hospitali.

Majibu ya kinyama yatakuja na alama za Gleason, zinazoonyesha saratani ni kali kiasi gani. 3+3=6 mara nyingi inafuatiliwa tu bila kukatwa, na MRI ya kurudia inatumika kwenye ufuatiliaji huo. Kuanzia 7 kwenda juu mazungumzo ya matibabu yanaanza, na 3+4 siyo sawa na 4+3 hata kama jumla ni ileile, ile ya pili ni kali zaidi. Mwambie daktari akufafanulie yako.

CD ya picha dai siku hiyohiyo, ni haki yako umelipia. Karatasi ya ripoti peke yake haitoshi, ukienda kwa daktari mwingine au ukitaka mtaalamu wa mji mwingine asome upya anahitaji picha zenyewe, na kwenye tezi dume kusomwa mara ya pili na mtu anayesoma nyingi kunaweza kubadilisha 3 ikawa 2 au 4. Nakili kwenye flash pia, CD zinakwaruzika. Andika nyuma ya bahasha tarehe, PSA ya siku hiyo na ukubwa wa tezi.

Baba akishapata majibu, sisi watoto wa kiume nasi tukahesabiwa, maana baba au kaka akiugua hatari yako inakuwa kama mara mbili, na watu weusi tayari tuko juu, Uingereza wanahesabu mwanaume mweusi mmoja kati ya wanne ataupata ugonjwa huu maishani wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Tuko wanne. Wote tumeshatoa damu, mdogo wetu ana miaka 42 na PSA yake ni 0.8, namba zetu zote zimeandikwa kwenye daftari moja analoliweka mama kabatini pamoja na CD za mzee.